Kurenda gari kama filamu kwenye Unreal Engine: anza na anga, gari baadae

Kila wiki lazima mtu anitumie renda ya gari, yaani picha au video ya gari iliyotengenezwa kwa kompyuta ndani ya programu ya Unreal Engine, alafu anauliza "kaka mbona langu linaonekana kama gemu?" Nikifungua nakuta modeli kali, kompyuta yake ina nguvu kuliko yangu, setingi zote kapandisha mpaka juu, lakini gari liko pale kama la kuchezea watoto, plastiki tupu. Nikimuuliza taa umewekaje, ananiambia nimeweka jua, taa mbili mbele na moja nyuma. Sasa hapo ndo penye tatizo bana. Chukua gari jeusi lililopigwa polishi, limulike tochi usiku, bodi huioni, unaona kidoti cha tochi na giza basi. Unachokiona kwenye bodi ya gari ni vitu vilivyolizunguka, mbingu, lami, ukuta, mti, mpaka na wewe mwenyewe umeshika simu. Kwaiyo kazi kubwa ni kutengeneza vitu vya kuakisiwa, gari lenyewe linakuja kuvaa tu.

Nitaelezea kwa shoti moja ili tusipotee. GX 100 nyeusi, ile Mark II ya mwishoni mwa miaka ya 90, inapita kwenye lami iliyonyooka jioni, spidi 60, kamera inaenda nayo sambamba kwa pembeni. Sekunde 6, fremu 24 kwa sekunde, jumla fremu 144. Nimechagua GX 100 kwa sababu nimekulia ndani yake, najua inavyoinama ikifunga breki na inavyokaa nyuma ikibeba watu watatu wazito. Na wewe chagua gari unalolijua kwa macho, achana na Lamborghini ambayo hujawahi kuisogelea, utakosea na hutajua umekosea wapi.

Mashine yangu ni RTX 3060 ya GB 12 na RAM 32, sio ya kutisha. Unreal natumia 5.4, ukiwa na mpya zaidi sawa tu, majina machache ya menyu yatakuwa yamehama. Pesa usiogope, ni bure, video ulizorenda hazidaiwi asilimia yoyote, ile 5% ya mapato wanayodai Epic, wenye Unreal, ni ya gemu. Kampuni inayoingiza zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka na haitengenezi gemu ndo inalipia dola 1,850 kwa kila kiti (yaani kila mtu anayeitumia) kwa mwaka, utaratibu ulioanza Aprili 2024, na kama wewe umefika huko hongera, tutumie na sisi.

MODELI

Sitakaa sana hapa ila kuna mambo manne yakikosekana huko mbele utahangaika bure.

La kwanza kingo. Kwenye gari la kweli hakuna ukingo uliokatika kama wembe, kila mkunjo wa bati una ka-mviringo ka milimita 1 mpaka 3, na kale ka-mviringo ndo kanakamata mwanga na kuchora umbo la mlango. Modeli nyingi za bure hazina, kingo zinakutana kavu kavu, kwaiyo rudi Blender (programu ya kuchonga modeli) uzilainishe kabla ya kitu kingine chochote. La pili nafasi kati ya paneli, mlango na fenda, boneti na bampa, lazima iwe mfereji wa kweli wenye kina, milimita 4 hivi, usichore mstari mweusi kwenye picha. La tatu tairi zote 4 ziwe vipande vinavyojitegemea na kitovu cha kila moja kiwe katikati kabisa ya ringi, kikihama hata sentimita 1 tairi litapepesuka kama lina nati zimelegea. La nne saizi, Unreal inahesabu kwa sentimita, GX 100 ni mita 4.7 na kitu, kwaiyo ukipima urefu ndani ya Unreal upate karibu 475. Likija na 4.7 au 47,500 rekebisha kule Blender, usivute kwa mkono, maana kina cha lenzi na vivuli vyote vinategemea saizi halisi.

Kuhusu Nanite, ile mbinu ya Unreal ya kubeba modeli zenye poligoni nyingi sana, kwenye mawe na miti iwashe, kwenye bodi ya gari mimi naizima. Mwakisiko wa reitresi (kompyuta ikifuata miale ya mwanga) hauangalii ile meshi, yaani umbo la poligoni, nzuri ya Nanite, unaangalia nakala yake iliyopunguzwa, matokeo yake unapata vidoa na vivuli vya ajabu kwenye mkunjo wa fenda na utatafuta mchawi siku mbili. Modeli ya poligoni milioni 1 au 2 kadi inabeba bila shida.

Alafu kabla hujapaka rangi fanya kile anachofanya fundi rangi wa gereji. Umeshamuona akichuchumaa pembeni ya gari, jicho moja kafumba, anatazama ubavu mzima kwa mwanga wa tyubulaiti kutafuta bonde? Ndo ivo ivo. Vika bodi nzima materiali ya chuma, Metallic (uchuma) 1, Roughness (ukwaru) 0, weka taa ndefu nyembamba juu ya gari alafu isogeze taratibu kushoto kulia. Ule mstari wa mwanga unatakiwa uteleze kutoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma bila kukatika wala kutetemeka. Ukitetemeka kwenye mlango wa nyuma, meshi ina bonde pale, na hakuna rangi itakayolificha, jeusi ndo litalitangaza kabisa.

ANGA NA BARABARA

Hapa ndo tukae.

Wapiga picha za magari wanapenda jioni na alfajiri, na sababu sio mahaba. Jua likishazama mbingu yote inageuka taa moja kubwa laini, nyeupe upande mmoja na bluu ya giza upande wa pili, na ule mpito ukilala kwenye paa na boneti unachora kila mkunjo. Ukitaka kuuona mwenyewe toka nje saa 12 na nusu jioni utazame gari lolote jeusi lililopaki, sema uwe na haraka, huku kwetu karibu na ikweta giza linaingia chap, dakika ishirini na kitu habari imekwisha.

Ndani ya Unreal washa plagini (nyongeza ya programu) ya HDRI Backdrop, inayozungushia mandhari yote picha ya anga. Picha yenyewe chukua tovuti ya Poly Haven, ni bure kabisa na unaruhusiwa kuitumia hata kwenye kazi ya kulipwa. Tafuta iliyopigwa mahali pa wazi, jua limeshazama au limejificha, chukua ya 8K au zaidi maana ya 2K kwenye boneti inaonekana ukungu ukungu. Ukishaiweka izungushe. Usiguse kingine, zungusha tu anga nyuzi 10 kwa 10 huku unatazama ubavu wa gari, utashangaa gari lile lile linageuka kutoka bonge la lami kuwa kitu chenye mabega na kiuno. Upande mkali wa anga ukae nyuma ya gari au pembeni kidogo nyuma, ukikaa nyuma ya kamera umbo linakuwa bapa kama picha ya pasipoti.

Sasa kosa ambalo hata mimi nilikaa nalo miezi. Ile picha ya anga iko mbali isiyo na mwisho, kwaiyo gari likitembea mita 100 kilichoakisiwa kwenye milango hakisogei hata kidogo. Tairi zinazunguka, lami inakimbia, lakini bodi imetulia kama gari lililopaki, na mtazamaji hawezi kukwambia nini kibaya ila anahisi kabisa ni feki. Dawa yake ni kuweka vitu vya kweli pande zote mbili za barabara, hata upande ambao kamera imeupa mgongo. Nasisitiza hapo, upande wa nyuma ya kamera ndo ule ambao milango inautazama! Mimi nimeweka nguzo za umeme kila mita 30, miti michache ya Megascans (maktaba ya modeli za vitu halisi) na ukuta mmoja mrefu mweupe uliochoka. Kwa spidi 60 gari linakwenda mita 16.7 kwa sekunde, maana yake nguzo moja inapita kila sekunde 1.8, kwenye shoti ya sekunde 6 zinateleza nguzo 3 juu ya milango, zinapinda kwenye fenda ya nyuma alafu zinapotea. Hizo nguzo 3 zimefanya kazi kuliko setingi zote nilizowahi kupandisha. Watu wanaona spidi, nguzo zenyewe hawazioni.

Lami nayo iwe pana na ndefu. Nusu ya chini ya mlango inaakisi barabara, ukiweka kipande cha mita 20 mlango utaakisi shimo tupu na utaona bendi nyeusi ya ajabu chini. Nikitaka urahisi namwagia lami maji kidogo, nashusha Roughness kwenye mabonde mabonde, mwanga unarudi kutoka chini na gari jeusi linapata ukingo. Ni ujanja wa matangazo ya magari wa siku zote, ndo maana barabara zao kila siku zimetoka kunyeshewa na mvua huioni.

Kama anga peke yake haitoshi ongeza Rect Light (taa ya mstatili) moja kubwa, urefu mita 6, juu na nyuma kidogo ya gari, nguvu ndogo, na uifunge itembee na gari. Moja. Ukiona unaweka ya nne futa zote urudi kuzungusha anga.

Setingi za mwakisiko ni dakika mbili. Project Settings, upande wa Rendering, washa Support Hardware Ray Tracing, Global Illumination na Reflections zote ziwe Lumen (mfumo wa Unreal wa kukokotoa mwanga na mwakisiko), washa Use Hardware Ray Tracing when available, na Ray Lighting Mode iwe Hit Lighting for Reflections. Hii ya mwisho usiisahau, bila yenyewe Lumen inasoma nakala ya haraka haraka ya mandhari na mwakisiko unatoka kama umepakwa kwa brashi. Kwa vioo washa High Quality Translucency Reflections, na kwenye materiali ya kioo Lighting Mode iwe Surface ForwardShading, vinginevyo kioo cha mbele kitaonekana kama karatasi ya nailoni.

Na mwangaza wa kamera uufunge. Weka Post Process Volume (boksi la setingi za picha), washa ienee eneo lote, Metering Mode iwe Manual alafu tafuta namba mwenyewe. Ukiacha ijirekebishe yenyewe, kila nguzo ikipita picha nzima itapumua, inang'aa inafifia inang'aa inafifia.

RANGI

Ukimsikiliza fundi rangi anaongelea vitu viwili, rangi na klia. Unreal nayo ina materiali ya ivo ivo, Shading Model yake inaitwa Clear Coat. Chini ni rangi, juu ni ile klia inayong'aa. Kwa nyeusi ya kawaida Base Color usiweke 0, hakuna kitu duniani cheusi ivo, mimi naweka 0.015. Roughness ya chini 0.4, Clear Coat 1, Clear Coat Roughness 0.03. Kama ni metaliki, zile chengachenga za fedha zinakaa kwenye rangi ya chini na sio kwenye klia, kwaiyo kwenye Project Settings washa Clear Coat Enable Second Normal ili kila tabaka liwe na uso wake. Asiyetaka kuchonga mwenyewe Epic wana paketi ya bure inaitwa Automotive Materials, anza na hiyo upunguze mng'aro.

Klia ya kiwandani sio kioo, ukiisogelea ina vijibonde vidogo sana kama ganda la chungwa. Weka teksicha hiyo kwa nguvu ndogo sana, kama unaiona kutoka mita 3 umezidisha. Alafu vumbi. GX 100 ya mtaani haiwezi kuwa safi chini ya milango, nimeweka vumbi la kahawia likianzia chini ya mlango linafifia kabla ya kufika katikati, na kidogo nyuma ya kila tairi. Mpira wa tairi usiwe mweusi kama bodi, tairi ni la kijivu, 0.04 hivi na Roughness 0.8, likiwa jeusi sawa na bodi yote yanaungana kuwa doa moja. Pleti namba ya njano nimeiacha na njano yake, ndo rangi pekee kali kwenye shoti nzima na jicho linaenda pale lenyewe.

KAMERA

Tumia Cine Camera Actor, sensa ya Super 35, lenzi 50 mpaka 85. Vijana wengi wanapenda lenzi ya 18 wakiwa wamebanana na bampa, pua inavimba kama ya samaki. Kwa shoti hii natumia 65, kamera iko mbali kiasi cha gari zima kuingia kwenye fremu na kimo cha sentimita 60, usawa wa taa za mbele. Ukiipandisha mpaka usawa wa macho ya mtu mzima gari linadogoka, ukiishusha linapata ubabe.

F-stop (uwazi wa lenzi) usishuke chini ya 2.8. Najua f/1.2 inavutia, nyuma yote ukungu, lakini jicho la binadamu likiona gari zima huku vitu vya mita 5 nyuma vimepotea linadhani ni gari la kuchezea lililopigwa kwa karibu. Mimi niko f/4. Fokasi ifunge kwenye taa ya mbele kwa Tracking, isifuate gari kwa kubahatisha.

Na kamera nayo iwe na uzito. Fikiria kuna gari la pili linalobeba kamera, lina springi zake, lina dereva anayejaribu kwenda sambamba na hawezi asilimia 100. Mwaka 2017 Epic na The Mill, studio ya madoido ya picha, walishirikiana na Chevrolet kutengeneza filamu fupi ya Camaro ZL1, na gari lililopigwa picha barabarani lilikuwa Blackbird, ambalo ni fremu ya magurudumu manne inayorefuka na kufupika, imejaa kamera, alafu bodi ya Camaro ikavishwa juu yake ndani ya Unreal. Kilichoibeba ile kazi ni kwamba mitikisiko yote ilikuwa ya barabara ya kweli. Sisi hatuna Blackbird ila tunaweza kuiga, nimefunga kamera kwenye kitu tupu kinachotembea mita 100 zile zile, alafu nikaiacha ibaki nyuma kama sentimita 40 katikati ya shoti na irudi mwishoni, na mtikiso mdogo wa juu chini, milimita chache tu. Kamera ikienda sawa kabisa na gari unapata lile tatizo la kitu kilichobandikwa kwenye skrini.

TAIRI NA UZITO

Hesabu kidogo, vumilia. Tairi ya 195/65 R15 ina kipenyo cha sentimita 63 na ushee, mzingo wake karibu sentimita 199. Kwaiyo kila gari likisogea sentimita 1 tairi linageuka nyuzi 1.8. Mita 100 ni mizunguko 50 na kidogo, karibu nyuzi 18,060. Kwenye Sequencer (sehemu ya Unreal ya kupanga mwendo) weka kii mbili tu, yaani alama za namba kwenye muda, mwanzo 0 na mwisho 18,060, na zote mwendo wake uwe Linear ili zilingane na mwendo wa gari. Ukibahatisha namba, tairi litateleza juu ya lami na hata bibi yako atasema gari linabururwa.

Sasa kuna kitu kitakuchanganya. Kwa spidi 60 tairi linageuka kama nyuzi 125 kwa kila fremu. Ringi ya mikono 5 inajirudia kila nyuzi 72, kwaiyo jicho linaona imerudi nyuma nyuzi 19. Yaani tairi litaonekana linazunguka kinyumenyume, kama kwenye filamu za zamani za magari ya farasi. Hilo ni sahihi! Hata kamera ya kweli ingeona ivo ivo. Kinacholiokoa ni blaa ya mwendo, ule ukungu wa kitu kinachokimbia, shata ya nyuzi 180 (pazia la kamera likiwa wazi nusu ya muda wa fremu) inaifuta mikono ya ringi kwa nyuzi 62 na jicho linakubali. Kwenye Unreal hiyo ni Motion Blur Amount 0.5.

Ila angalia, mimi niliona la nyuma kulia linarudi kinyume nikasema aah, ni hiyo hesabu, nikaacha. Kumbe lilikuwa linazunguka kinyume kweli. Tairi za kulia nilizipata kwa kugeuza za kushoto nyuzi 180 na ekseli yake ikageuka pia, kwaiyo upande huo namba inatakiwa kuwa hasi, mimi nikaweka hasi kwenye la mbele nikasahau la nyuma. Punguza spidi iwe 10 kwanza, hakikisha zote 4 zinakwenda mbele, ndo urudishe 60.

Uzito sasa. Tenganisha bodi na tairi, tairi zifuate barabara, bodi ikae juu yake na iwe na mwendo wake. Likiondoka pua inanyanyuka nyuzi 0.7 hivi, likifunga breki inainama nyuzi 1.5 alafu linarudi, linapitiliza kidogo, linatulia. Kule kupitiliza ndo shokapu, na GX 100 nyingi za mtaani shokapu zimechoka kwaiyo linapitiliza mara mbili. Kwenye mwendo wa kawaida weka kupanda na kushuka kwa sentimita 1 kusikofuata mpangilio, na tairi likikuta kiraka cha lami linaruka kwanza, bodi inafuata fremu 2 baadae. Tairi pia lizamishe sentimita 1 ndani ya lami maana tairi lenye uzito wa gari juu yake chini linabonyea kuwa bapa, likigusa lami kwa kijistari kimoja gari linaelea.

KURENDA

Washa plagini ya Movie Render Queue, ndo inayotoa fremu za mwisho, usitumie njia ya zamani. Toa picha moja moja za EXR (aina ya faili la picha) za biti 16, usitoe video moja kwa moja. Mimi kazi yangu ya kwanza ya kulipwa nilitoa video moja kwa moja, umeme ukakatika imebaki dakika 10, faili lote likafa na mteja anasubiri asubuhi. Ukitoa picha, ukikatika kwenye fremu ya 97 unawasha kompyuta, unaingia Output, unawasha Use Custom Playback Range unaanzia 97 tena, maana hiyo ya mwisho huwa imeandikwa nusu. EXR moja ya 1080p kabla ya kubanwa ni kama MB 16, fremu 144 zinakaribia GB 2.4, ukienda 4K zidisha mara 4, kwaiyo futa kwanza zile muvi.

Ongeza Anti-Aliasing (kulainisha kingo), washa Override, chagua None, Spatial 1, Temporal 32. Hiyo 32 maana yake kila fremu inapigwa mara 32 ndani ya muda wa shata na kuchanganywa. Ukiacha 1, injini inakisia mwendo kwa mstari mnyoofu wakati mkono wa ringi unakwenda kwa duara, unapata mikwaruzo kama feni mbovu. Weka pia Render Warm Up Count 32 hivi, la sivyo fremu za kwanza Lumen inakuwa bado haijatulia na mwanga unaruka. Kwangu fremu moja inakula sekunde 50, zote ni masaa 2, naenda kula.

Path Tracer je, ile njia ya Unreal ya kurenda polepole kwa kufuata miale yote ya mwanga? Kwa shoti za karibu sana, taa ya mbele imejaa skrini, vioo ndani ya vioo, hapo tumia maana Lumen inachoka. Ila ni polepole na ukibania sampuli picha inajaa chenga kama TV ya zamani yenye antena mbovu, alafu ukisafisha chenga kwa programu zinaanza kutembea tembea kutoka fremu hadi fremu. Kwa shoti hii ya mbali hainilipi.

Kabla ya kurenda zote toa fremu 3 tu, ya kwanza, ya 72 na ya 144, zitazame kwa ukubwa kamili. Kisha peleka zote DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, shusha weusi kidogo, ongeza chembechembe za filamu kidogo, sauti ya injini weka ya kweli hata ya kurekodi na simu. Usipandishe rangi. Mkono ukiwasha kupandisha rangi funga kompyuta.

Yangu ilipokamilika nilimpelekea fundi wa pale gereji ya mtaani, yeye GX 100 amefungua nyingi kuliko siku zangu za kuishi. Kaangalia kwenye simu, karudisha, kaangalia tena, karibu mara nne bila kusema neno. Mimi nasubiri sifa. Akasimamisha pale mwanzoni, akavuta picha kwa vidole viwili mpaka ringi ikajaa skrini, akanirudishia simu: "Hizi tairi unazijaza upepo wapi?"

Sikuwa nimeweka vali hata moja. Usiku huo nikarenda upya.